"Ghairi Bure" Yamtokea Puani: Chumba cha Nungwi Nusura Kivunje Ndoa Mbagala

Kuna ndoa zimevunjika kwa meseji ndogo kuliko hii. Mama mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, muuza vitenge soko la Tandika, alishika simu ya mumewe siku ya 30 ya Ramadhani, futari iko jikoni, akakuta jina la hoteli ya Nungwi, Zanzibar. Chumba kimoja. Watu wawili. Shilingi 420,000.

Wala hakuwa anapekua. Alikuwa anatafuta hela yake ya kikoba, 200,000, aliyokuwa ameihifadhi kwenye laini ya mumewe. Kesho Idd, watoto hawajanunuliwa nguo, na kila akiulizia anajibiwa "ipo njiani". Hela iliyomo ndani ya simu inakuwaje njiani?

"Watu wawili, nani na nani?" akauliza.

Jamaa akabaki anaangalia chini.

Huyu bwana ni fundi friji, ofisi yake Kinondoni. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kulala na mkewe nje ya Mbagala, ukitoa misiba na harusi za ukweni. Mwaka huu akasema hapana, Idd hii mama watoto atavuka maji. Akaingia mtandaoni, akaona chumba kizuri, na chini yake maandishi ya kijani ya Kiingereza yakisema kughairi ni bure. Roho ikatulia. Akatoa 220,000 zake, akajazia na 200,000 za kikoba, akilini akijua atazirudisha kabla hazijaulizwa. Akalipa zote.

Tarehe aliipanga kwa kalenda ya ukutani. Idd mosi Ijumaa, pilau kwa mama mkwe Temeke kama kawaida. Jumamosi asubuhi boti, kulala siku mbili, Jumatatu kurudi. Tiketi za boti angekata mwishoni ili siri isivuje.

Alhamisi jioni mji mzima uko kwenye redio. Mwezi haujaandama. Kufunga kunaendelea, Idd mosi ni Jumamosi.

Hapo hesabu yote ikavurugika. Kumkacha mama mkwe Idd mosi ni kesi nyingine, kubwa kuliko ya hela. Akajaribu kusogeza tarehe, mtandao ukamwambia vyumba vimejaa. Asipotokea Jumamosi, hoteli inaweza kumhesabu hakufika na kukifuta chumba chote. Basi akakumbuka yale maandishi ya kijani, akabonyeza kughairi.

Ndipo akaona kilichoandikwa chini ya kijani, kwa herufi za kijivu: bure mpaka siku saba kabla ya kufika. Zilikuwa zimebaki mbili. Usiku wa kwanza, 210,000, umeliwa. Nusu iliyobaki itarudi kwenye kadi baada ya siku kadhaa za kazi. Na sikukuu si siku za kazi.

Hata pa kulalamikia hapakuwepo sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni aweke masharti yake wazi, ya kurudisha hela yakiwemo. Na yalikuwepo. Jamaa alisoma neno "bure" akaacha tarehe iliyolifuata.

Angeweza kusema yote hayo Alhamisi ile ile. Hakusema. Aliona aibu, akatumaini hela itarudi kabla ya kuulizwa. Sasa mkewe amesimama na simu mkononi, na kila anachojieleza kinasikika kama uongo wa mwanaume aliyefumaniwa.

"Fungua mpaka mwisho," hatimaye akamwambia. "Soma majina."

Mama akashusha kwa kidole. Majina yalikuwa mawili. La jamaa, na la kwake yeye, kamili, matatu yote, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Akakaa kitako kwenye mkeka. Hasira haikuisha, ila ilibadilika sura.

"Sasa baba watoto, Idd unaipangia tarehe?"

Baada ya futari ni yeye aliyepiga simu hotelini. Akapokea dada mmoja, mpole. "Mngetupigia kabla ya kughairi tungekusogezeeni siku moja," alisema. "Mwezi tunaousubiri si ndo huo huo? Lakini mkishafuta kule mtandaoni, chumba kinauzwa. Na hiki kishachukuliwa. Poleni sana."

Hiyo ndo iliwauma zaidi ya 210,000: simu moja tu, ambayo jamaa hakuipiga kwa sababu alikuwa anaficha safari.

Nguo za watoto mama alizikopa usiku ule kwa jirani yake wa sokoni. Idd mosi wakala pilau Temeke. Idd pili wakapanda bajaji, wakavuka Daraja la Nyerere mpaka Kigamboni, wakakaa ufukweni na watoto, mihogo na pweza, jioni wakarudi.

Nusu ya hela iliingia katikati ya wiki iliyofuata. Jamaa akamtumia mkewe 200,000 zake za kikoba dakika ile ile, kabla hajaulizwa. Laini hiyo sasa mama haweki tena hela.

Zanzibar bado wanaiongelea. Safari hii mama kasema watalipa wakifika, wataacha siku mbili za kungojea mwezi, na yeye ndo atakayesoma yale maandishi ya kijivu.

Ingekuwa wewe, ile meseji ungeisoma mpaka mwisho, au ungeshafungasha mabegi?