Baba aliuza kwa woga, na mimi pia

Wasee, leo nataka niongee kuhusu pesa niliyopoteza mwenyewe. Hakuna aliyeniibia.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka tisa, hapa hapa Kerugoya, wakati hisa za Safaricom zilipouziwa wananchi. Serikali ilikuwa inauza robo ya kampuni, hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja. Baba hakuwahi kununua hisa maishani. Lakini miaka miwili nyuma watu walikuwa wamenunua KenGen kwa shilingi 11.90, na zilipofika sokoni bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Mjini hiyo ndiyo hesabu pekee iliyokuwepo: fulani alinunua KenGen, sasa anajenga. Sijui mtu hata mmoja aliyeuliza Safaricom inapata faida gani. Baba akauza mtamba, akaongeza mkopo wa sacco, akaomba hisa 10,000.

Shida ni kwamba karibu kila mtu alikuwa ameomba. Baba akapewa kama 2,100 tu. Pesa nyingine ilirudishwa, lakini riba ya mkopo haikungoja.

Juni 9 biashara ikaanza na bei ikapita 7. Sasa fikiria: wanahisa zaidi ya laki nane, na wengi wanangoja kitu kimoja, kuuza ikipanda. Wote mkiwa wauzaji, mnunuzi atatoka wapi? Halafu Septemba benki za Marekani zikaanza kuanguka, wageni wakatoa pesa zao Nairobi, na mapema 2009 hisa ikawa chini ya shilingi 3. Baba akauza. Hata elfu sita hazikufika.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba wakati huo huo alikuwa anakwangua kredo ya Safaricom kila siku. Nani alikuwa ameacha kupiga simu? M-Pesa ndio ilikuwa inaingia kwa maduka. Faida bado ilikuwepo. Lakini baba hakuwa anaangalia kampuni, alikuwa anaangalia nyuso za wenzake kwa foleni ya benki. Walipocheka alinunua, waliponuna akauza.

Nilimcheka miaka mingi. Kisha ikafika Agosti 2021, hisa imepita 40, na beshte wangu aliyenunua kwa 30 hatuachi tulale kwa grupu ya WhatsApp. Nikanunua 300 kwa shilingi 42, kwa simu, nikiwa kwa matatu. Hata ripoti moja sikuwa nimesoma.

Bei ikaanza kushuka, na sisemi yote ilikuwa woga. Kuanzisha biashara Ethiopia kulikula pesa nyingi, na riba ilipopanda Marekani wageni wakarudisha pesa kwao. Hizo ni sababu za kweli. Lakini sababu zangu mimi zilikuwa za kijinga. Kwa 35 nilikataa kuuza kwa kuwa "itarudi 42." Kwa 28, vile vile. Nikang'ang'ana na hiyo 42 kana kwamba soko linajua nilinunua kwa ngapi.

Halafu Februari 2024 grupu ikawa kimya kabisa. Mmoja akaandika tu kwamba itafika 10. Hiyo ndiyo "ripoti" niliyosoma. Nikauza zote kwa 13, kampuni ambayo ilikuwa bado inalipa gawio la shilingi 1.20 kwa kila hisa. Nilihisi nimetua mzigo. Usiku huo nililala vizuri, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Mwaka 2025 ikapita 25. Grupu imeamka tena, beshte amerudi na picha za faida yake, na mkono wangu unawasha.

Jana baba aliniuliza Safaricom imefika ngapi siku hizi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akanituma nimnunulie kredo ya hamsini.