Nyumba ya Chura

Mvua za kwanza zinaponyesha katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa, vyura huanza kuimba usiku mabondeni na kando ya mifereji. Watoto wengi huvutwa na sauti zile. Asubuhi huenda kutafuta katika matete na migomba, na pengine humwona chura mdogo wa mitini, amekunja miguu chini ya tumbo, ametulia tuli juu ya jani. Mtoto humchukua, humtia katika kopo lenye maji kidogo na majani mawili matatu, akafurahi kwamba amempatia nyumba. Baada ya siku chache chura amekufa, wala mtoto hajui sababu.

Sababu ni kwamba kopo si nyumba. Chura hanywi maji kwa kinywa kama ng'ombe, bali huyapokea kwa ngozi yake. Kwa ngozi hiyo hiyo huvuta pia sehemu ya hewa anayoihitaji. Kwa hiyo ngozi ikikauka, chura hufa. Na maji yakiwa na sabuni au chumvi, madhara yake humwingia mwilini. Tena chura wa mitini amezoea kupanda. Vidole vyake vina ncha bapa zinazonata, naye huweza kushika jani lililosimama wima asianguke. Chakula chake ni wadudu walio hai. Mdudu asiyetikisika hamjali.

Basi mtu atakaye kumweka chura huyo hana budi kumfanyia sanduku refu la kwenda juu, lenye wavu ili hewa ipite. Ndani yake huweka udongo safi wenye unyevu, majani, na matawi ya kupandia. Huweka kisahani cha maji safi ya mvua, akayabadili kila siku, na kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Sanduku hukaa mahali penye mwanga, lakini si juani. Kabla ya kumshika chura, mtu hunawa mikono kwa maji matupu, na akiisha kumshika hunawa tena vizuri kwa sabuni. Kila jioni hutafuta nzi, nondo na panzi wadogo. Kazi hii haina sikukuu, maana chura hali ahadi.

Jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu ilionekana wazi katika habari ya chura mwingine wa nyanda hizo hizo, yaani chura wa Kihansi. Huyu si chura wa mitini, lakini naye ni mdogo, tena hutegemea sana unyevu. Mto Kihansi hutoka katika nyanda za juu za Iringa, ukapita katika milima ya Udzungwa na kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Maji yalipopiga miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima, na majani ya kando yake hayakukauka kamwe. Mwaka wa 1996 mabingwa wa elimu ya wanyama waliwaona hapo vyura wa rangi ya manjano, ambao hata aliye mkubwa hafiki urefu wa sentimita 3. Hawajaonekana kuishi porini mahali pengine popote duniani, na makao yao yote yalikuwa kama hekta 2 tu. Jambo jingine la ajabu ni kwamba jike lake halitagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, nao ni wadogo kama punje ya mchele.

Siku zile bwawa lilikuwa likijengwa juu ya maporomoko hayo ili kupata umeme wa megawati 180. Nchi iliuhitaji sana umeme huo kwa viwanda, hospitali na nyumba za watu. Hata mwaka wa 2000, maji mengi ya mto yalipogeuzwa yapite katika mitambo, manyunyu karibu yote yakakoma. Bonde likaanza kukauka, na vyura wakapungua upesi.

Wazee husema, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Mara hii sauti ya chura ilisikiwa, ingawa mitambo haikusimama. Mabomba yalilazwa bondeni ili yanyunyize maji mahali pale manyunyu ya mto yalipokuwa. Tena, mwishoni mwa mwaka wa 2000, vyura 499 walichukuliwa kwa ndege mpaka Marekani, wakatunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Baadaye wengine walipelekwa katika bustani nyingine, mojawapo ikiwa ile ya Toledo, katika jimbo la Ohio.

Huko watu wenye elimu nyingi na vyombo vingi walipatwa na shida ile ile ya mtoto mwenye kopo. Vyura wengi walikufa. Wengine waliugua kwa minyoo, wengine kwa upungufu wa chakula na wa mwanga uwafaao. Watunzaji wakajifunza polepole. Walichuja maji, wakaweka mashine za kunyunyiza, wakatundika taa zenye mwanga unaofanana na wa jua, wakafuga wadudu wadogo mno kwa ajili ya vinywa vidogo. Kwa taabu hiyo vyura waliobaki wakaanza kuzaana.

Bondeni Kihansi mambo yalikuwa mengine. Kwa msaada wa mabomba vyura waliongezeka, hata katikati ya mwaka wa 2003 walikadiriwa kufika yapata 20,000. Halafu wakafa kwa ghafula. Katika baadhi ya waliokufa ilionekana kuvu inayoshambulia ngozi, ugonjwa uliowaua vyura katika nchi nyingi. Mwezi wa Januari 2004 walionekana watatu tu, na mwaka wa 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu hayupo tena porini. Waliosalia wote walikuwa katika masanduku ya kioo, mbali na mto wao.

Mwaka wa 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakatunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka wa 2012 kazi ya kuwarudisha bondeni ilianza. Lakini chura aliyerudi hakulikuta bonde lile la zamani, maana manyunyu yake sasa yanategemea mabomba, na mabomba yanategemea watu wa kuyatunza.

Kazi iliyofanywa bure na mto kwa miaka isiyohesabika iliwatoa jasho watu wa nchi mbili kwa zaidi ya miaka kumi, na bado haijaisha. Mtoto wa Mbeya au Iringa apendaye vyura na alifikiri jambo hilo kabla hajachukua kopo. Anaweza kwenda mferejini jioni, akakaa kimya, akamtazama chura akiwinda na kuimba. Akimchukua kwa siku chache ili ajifunze, na amtengenezee sanduku lifaalo, kisha amrudishe pale pale alipomtoa, asimwachie katika kijito kingine, maana huenda akaeneza ugonjwa. Tena asioshe vyombo vya sabuni wala vya dawa za shamba katika mfereji ule, maana humo ndimo vyura wote wa bonde wanamoishi.