Tangazo la Msiba wa Utani

Wiki hizi Usa River baridi haijakubali kuondoka. Mlima Meru unajifunika mawingu tangu alfajiri, na mara nyingi tunauona saa kumi jioni tukiwa tunatoka shambani. Lakini ukipita kituo cha bodaboda pale Leganga, hakuna anayezungumzia baridi. Watu wanazungumzia usajili: nani kaja, nani kaondoka, kocha mpya atafika Krismasi au atafukuzwa kabla ya Majilio. Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni Tengeru, na mama tunayenunua kwake nyanya, hata kabla hajachukua sado, akatuuliza, "Mafrateri, mwaka huu mko wapi?" Hakuwa anauliza tunatoka jimbo gani.

Msimu umechelewa. Tumezoea kwamba Agosti ikifika, ligi nayo inakaribia. Mwaka huu Agosti ilikuwa ya CHAN, mashindano ambayo nchi yetu iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Tuliishangilia Taifa Stars hadi robo fainali, Morocco wakatufunga bao moja kwa bila pale Benjamin Mkapa, tukarudi kwenye ugonjwa wetu wa kila siku. Septemba 16 ni Ngao ya Jamii, Simba na Yanga. Nyumba nzima inahesabu siku.

Msomaji wa mbali anaweza kushangaa. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Kwa nini watu wa chini ya Meru wakose usingizi kwa ajili ya mitaa miwili ya Kariakoo? Jibu moja ni kwamba nyumbani hatuna pa kushika. JKT Oljoro walipanda Ligi Kuu msimu wa 2011/12, wakashuka 2014. Tangu hapo, timu zetu zinahangaika madaraja ya chini, na mashabiki wa Arusha tunaingia Sheikh Amri Abeid kuwashangilia wageni. Sasa pale Olmoti unajengwa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Yaani nyumba inapanda, mwenye nyumba hajulikani.

Jibu la pili ni kwamba timu hizi tumerithi. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, kabla hata babu zetu wengi hawajaoa. Mtoto anapewa timu kama anavyopewa jina: na baba, na mjomba, na jirani mwenye redio. Katika nyumba yetu ya malezi tunatoka majimbo mbalimbali, lakini swali la timu lilijibiwa siku ya kwanza, kabla hatujajua majina ya watakatifu wasimamizi wa kila mmoja.

Na kila upande una jeraha lake. Wenzetu wa Simba walitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018, kisha wakakaa misimu minne wakiangalia jirani akibeba. Mwaka 1993 timu yao ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikaenda sare Abidjan, ikaja kufungwa nyumbani na Stella. Mwezi Mei mwaka huu imefika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa mbili na Berkane kule Morocco, ikapata sare ya moja kwa moja Zanzibar, ikaliona kombe likipandishwa ndege. Halafu, katikati ya usajili huu, nahodha wao Mohamed Hussein, Tshabalala, aliyekaa Msimbazi tangu 2014, akahamia Yanga. Siku habari hiyo ilipotoka, mmoja wetu alikuwa zamu ya kukamua ng'ombe. Wanasema hata maziwa yalipungua.

Sisi wa Yanga tusijitape sana. Mwaka 2023 tulifungwa 2-1 na USM Alger hapa nyumbani, tukaenda Algiers tukashinda 1-0, na bado kombe tukalikosa kwa sababu ya mabao ya ugenini. Kushinda mechi na kupoteza kombe ni jambo ambalo hakuna somo la falsafa lililotusaidia kulielewa.

Lakini hatuandiki ili kusimulia magoli. Tunaandika kwa sababu msimu mpya unatukuta na deni la msimu uliopita. Mwenzetu anayehusika ameturuhusu tuliseme, mradi tusimtaje jina.

Mnakumbuka ule mchezo wa watani uliokuwa uchezwe Machi 8, ukaahirishwa, ukaleta maneno nchi nzima, mwisho ukachezwa Jumatano, Juni 25. Yanga walikuwa mbele kwa pointi moja. Sare iliwatosha, Simba walihitaji ushindi. Wengi wetu walishakwenda likizo, tukabaki kumi na wanne kwa ajili ya shamba na mifugo. Baba Gambera alituruhusu kuangalia, kwa sharti kwamba Masifu ya Jioni yasiguswe. Yanga wakashinda 2-0, wakachukua ubingwa wa nne mfululizo.

Mwenzetu mmoja wa Simba aliinuka kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa, simu mkononi, akatoka. Bwaloni hakuonekana. Sisi tukaona hiyo ndiyo nafasi. Tukachukua karatasi, tukaandika tangazo la msiba: kwamba tunasikitika kutangaza kifo cha Mnyama, kwamba mazishi ni kesho baada ya uji, kwamba habari ziwafikie makolo wote popote walipo. Tukalibandika mlangoni kwake, tukalifunga na kitambaa cha kijani na njano, tukaenda kulala tukicheka.

Asubuhi yake kwenye Misa, wakati wa kupeana amani, mikono yake ilibaki ndani ya sweta. Tulitazamana. Mmoja akanong'ona, "Kolo kanuna." Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu Baba Mlezi alituita wote waliobandika karatasi ile, na hakuhitaji kuuliza ni akina nani.

Ndipo tulipojua. Mdogo wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Mama yao aliuza mtamba ili kupata fedha ya godoro, sare, michango na nauli, akamkabidhi kijana shilingi 280,000 akanunue vitu. Kijana akaona azizidishe kwanza. Akaweka zote kwenye mkeka. Mechi nne za Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani zikampa. Ya tano ilikuwa Simba ashinde. Simu ile aliyotoka nayo mwenzetu ilikuwa ya mama yake. Aliporudi chumbani, kilio cha mama bado kikiwa masikioni, alikuta mlangoni tangazo la msiba, kwa mwandiko wetu.

Tulikwenda kuomba radhi. Haikuwa rahisi, wala hakutusaidia iwe rahisi. Tulikuwa na shilingi 190,000 tulizoweka kidogokidogo kutokana na mayai na maparachichi. Nia ilikuwa kulipia king'amuzi msimu mzima, ili mwaka huu tusiombe kuangalia kwa jirani wala kubanana kwenye kibanda umiza. Tukampelekea zote. Akazikataa. Akasema, "Mkinipa hizi, mtakuwa mmeninunua ili nisikasirike." Tukarudi nazo, tumeinamisha vichwa.

Baba Mlezi ndiye aliyetufungua macho, akianzia kwenye mila, sio kwenye somo. Akatukumbusha utani wa makabila yetu: mtani anakuja msibani, anamwiga marehemu, anacheka wenzake wakilia, anadai apewe kuku. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kaburi, ndiye anayechota maji na kupasua kuni, mpaka wafiwa waweze kusimama tena. "Ninyi," akasema, "mlichukua ulimi wa mtani, mkaiacha mikono yake."

Tuliirudia kauli hiyo kwa siku kadhaa, hasa usiku. Kwa miaka tumejitetea kwamba Simba na Yanga ni utani tu. Ni kweli, na ni jambo zuri. Bila utani huo, maisha ya nyumba yangekuwa marefu sana. Lakini utani unahitaji mtu aliye na nafasi ya kujibu, na unahitaji mtaniaji aliye tayari kubeba jeneza pale ambapo msiba unageuka kuwa wa kweli. Sisi hatukuuliza hata kwa nini mwenzetu hakula.

Tulirudi kwake tena, safari hii bila bahasha. Tukamwambia fedha ni za mdogo wake, si zake, na kwamba hasira yake aendelee nayo kadiri anavyotaka. Alinyamaza, kisha akasema tumpigie mama yake wenyewe. Tulimpigia. Mama alitushukuru, halafu akauliza kama kuna mmoja wetu anayebeti. Simu ilikuwa kwenye spika. Wawili kati yetu waliangalia chini, na jioni hiyohiyo wakaenda kuzungumza na Baba Gambera. Hapo tulitambua kwamba ugonjwa ulioingia nyumba ya mwenzetu haukuwa umesimama nje ya geti letu.

Kijana aliripoti shuleni wiki mbili baada ya wenzake, akiwa na godoro la kuazima. Mwenzetu alirudi kutoa mkono wa amani mwishoni mwa Julai. Hatukushangilia. Tuliupokea tu.

Kwa hiyo tunaungoja msimu mpya bila king'amuzi. Matumaini bado tunayo, pande zote mbili, maana shabiki ni mtu anayeamini kila Agosti kile alichokilia kila Juni. Lakini tumejifunza kutofautisha. Mkeka unataka jibu leo saa tatu usiku, na ukikosa unakula godoro la mtoto. Tumaini linakubali kungoja, na likingoja linafanya kazi. Wapo waamini katika jumuiya zetu ndogondogo wanaongoja hivyo mambo makubwa kuliko kombe: mtoto apone, mvua za vuli zije, mume aache pombe. Tukienda kusali nao, sasa tunauliza kwanza mmelalaje, kabla ya kuuliza matokeo.

Juzi tumekuta karatasi mpya kwenye ubao wa matangazo. Mwandiko ni wa mwenzetu. Imeandikwa: "Ngao ya Jamii, Septemba 16. Redio itakuwa jikoni. Atakayefungwa ataosha masufuria ya wiki nzima. Utopolo njooni na sabuni zenu."

Tumeshanunua sabuni. Tunaomba tusiitumie.