Tone Nene

Enzi zile mgonjwa wa homa alitoka maabara na namba mdomoni. "Nimekutwa na malaria nne," alisema, na aliyekaa naye kwenye benchi akajibu kwamba yeye ana mbili. Waliowahesabu wadudu wa malaria tulikuwa sisi watu wa maabara, tumeinamia hadubini tangu asubuhi katika kituo cha afya huku Dodoma, vidole vimeingia zambarau ya Giemsa isiyotoka kwa sabuni.

Ilikuwa kazi ya subira. Unachoma ncha ya kidole, unaweka tone nene juu ya kioo, unalitandaza kidogo, unaliacha likauke lenyewe, ndipo unalitia rangi. Kisha mafuta, lenzi ya mia, na macho.

Na macho yaliyotafuta malaria yalikuta mengine. Mtu amemeza klorokwini, homa imeondoka, imerudi. Kwenye kioo, katikati ya chembe za damu, kuna vijiuzi vilivyojisokota. Hiyo ni homa ya papasi, na papasi wenyewe wamejificha kwenye nyufa za nyumba ya tembe anamolala. Siku nyingine, kwenye damu iliyotandazwa nyembamba, tuliona chembe nyekundu zilizopinda, mtoto akagundulika ana selimundu baada ya miaka ya kutibiwa malaria kila viungo vilipomuuma. Sukari nayo tuliitafuta kwenye mkojo: unauchemsha na maji ya buluu ya Benedict, ukiona yamegeuka rangi ya tofali, umepata jibu.

Sisemi enzi hizo zilikuwa njema. Wengi walipewa dawa ya malaria bila kupimwa, na wengine walipewa hata kioo kiliposema hapana. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, mwaka 2007 na 2008, walikuta asilimia 60.7 wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, yakiwemo ya kutoka kwa mifugo na panya, na hayo ya wanyama hakuna aliyeyataja wodini.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani liliposisitiza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka kikafika hadi zahanati zisizo na umeme, nilifurahi, na furaha hiyo ninayo bado. Kipimo kile kimeokoa watoto wengi. Lakini kinajibu swali moja tu, tena mgonjwa aliyekwisha kupona kinaweza kumwonyesha ana malaria wiki kadhaa baadaye. Kikionyesha mstari mmoja, yaani hakuna malaria, mara nyingi huamuliwa hapo hapo kwamba basi ni taifodi, au UTI, na antibayotiki zinaandikwa. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha hivyo hivyo: palipoingia kipimo cha haraka, dawa za malaria zilipungua na antibayotiki zikaongezeka.

Julai 2022 watu walianza kuugua huko Lindi, homa, kichwa, damu puani. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na Uviko, hakuna. Baadaye ikajulikana ni homa ya mgunda, mojawapo ya yale maradhi ya kutoka kwa mifugo na panya. Hiyo hata tone nene lisingeionyesha; inataka maabara kubwa, na kabla ya maabara inataka mtu wa kuuliza mgonjwa ameshinda kwenye maji gani, na panya wako wapi.

Maswali ya namna hiyo yalikuwa na wakati wake zamani. Kioo kikiwa kwenye rangi, mgonjwa alikaa nasi nusu saa nzima, akasimulia: amehamia nyumba ya babu yake, mbuzi wake wanatupa mimba, kiu haimwishi usiku. Sisi tulimpelekea daktari maneno hayo pamoja na jibu. Siku hizi mgonjwa anasubiri nje kwenye foleni, dakika kumi na tano, akiitwa anapewa jibu na karatasi ya dawa, na anayefuata anaingia.