Wewe Mwembamba, Unataka Kukatwa Nini?

Ukiwa mwembamba na utaje tumbo lako mbele ya watu, swali huwa ni moja: "Sasa wewe na huo mwili, unataka kukatwa nini?" Dadangu aliniuliza hivyo kwenye simu. Jirani yangu wa dukani akauliza vilevile. Mama mmoja wa chama chetu alicheka hadi chai ikamwagika. Sina jibu fupi la kuwapa. Nina kilo 52. Shingo nyembamba, mikono ya kuhesabu mifupa, na hapo katikati pana tumbo la mimba ya miezi mitano ambayo haipo. Mapacha waliokaa humo sasa wana miaka mitatu na wanapanda juu ya friji.

Watu hudhani tumbo ni mafuta, kwa hivyo ushauri ninaopewa ni wa mafuta. Punguza chapati. Kunywa maji ya ndimu. Kimbia asubuhi. Nikipunguza chapati, mashavu ndiyo huingia ndani. Tumbo hubaki palepale.

Daktari aliyenieleza vizuri alinilaza, akaniambia niinue kichwa kidogo kama ninayeangalia vidole vya miguu, kisha akaweka vidole vyake juu ya kitovu changu. Vilizama. Vinne, bega kwa bega. Kuna misuli miwili inayoshuka mbele ya tumbo, kutoka mbavuni hadi kwenye kinena, nayo imeshikanishwa katikati na utepe mgumu. Mimba huuvuta utepe huo ili mtoto apate nafasi, na mapacha huuvuta zaidi. Kwa wanawake wengi misuli hukaribiana tena yenyewe katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa wengine utepe hulegea ukabaki hivyo, kama lastiki ya sketi iliyofuliwa mara nyingi. Ukiwa na mwili kidogo, mafuta hulificha pengo. Ukiwa mwembamba hakuna cha kulificha. Matumbo husukuma ngozi, na jioni baada ya kula unaonekana mjamzito kuliko ulivyoonekana asubuhi.

Kumbe upasuaji wa kukaza tumbo, kwa mtu kama mimi, si wa kupunguza chochote. Ni wa kushona misuli. Mahesabu yake ni tofauti kabisa na ya mtu aliyepungua kilo 40.

Nianze na faida, maana wanaocheka hudhani hakuna. Mgongo wangu huuma. Misuli ya mbele isipofanya kazi, ya nyuma hubeba mzigo wa wote wawili, na mimi nabeba marobota ya nguo. Wanawake wengi walioshonwa misuli hiyo husema mgongo ulipata nafuu. Halafu kuna biashara. Nauza nguo katika kiduka mjini, vile viduka vilivyobanana ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kwa jirani. Sanamu ya kuvalisha nguo ni mimi mwenyewe. Zamani nilikuwa navaa gauni, napiga picha, naweka kwenye status, na kufikia saa sita limeenda. Siku hizi wateja huandika, "Hiyo ni ya waja wazito?" Na kuna matatu. "Patia huyo mathe kiti, ako na mtoto ndani," makanga alisema wiki iliyopita. Nikakaa. Kusimama kutoka Githurai hadi tao si mchezo.

Sasa kisu chenyewe. Daktari hukata kutoka nyonga moja hadi nyingine, chini, mahali panapofunikwa na chupi. Huibandua ngozi kutoka kwenye misuli hadi karibu na mbavu, huishona misuli katikati, kisha huivuta ngozi chini kama shuka na kukata inayozidi. Kitovu hubaki kwenye shina lake na kutobolewa tundu jipya. Hayo yote huchukua saa kadhaa ukiwa umelala kwa nusukaputi.

Tatizo la mwembamba liko kwenye hayo maneno, "ngozi inayozidi." Aliyepungua kilo nyingi anayo tele. Yangu ni mkunjo mmoja nikiinama. Ngozi isipotosha kuvutwa hadi chini, lile tundu la zamani la kitovu haliondoki. Hushonwa, likaacha kovu dogo la wima katikati ya tumbo. Au kovu lote hupanda juu, mahali ambapo hakuna chupi ya kulificha. Upo upasuaji mdogo wenye mkato mfupi, lakini huwafaa zaidi wenye shida chini ya kitovu, na pengo langu liko juu. Wapo pia madaktari wanaoshona misuli kwa kamera kupitia matundu madogo, ngozi ikaachwa ilivyo. Kwa mwembamba ambaye ngozi yake bado ina nguvu, hiyo ni njia ya kuulizia mapema. Ngozi yangu iko katikati: haina nguvu kiasi hicho, na haijalegea kama ya aliyepungua kilo 40.

Halafu kuna keloidi. Nilitobolewa sikio mara ya pili nikiwa na miaka kumi na saba, na pale pakaota kinundu kama punje ya mahindi. Ngozi nyeusi hupata makovu ya aina hii zaidi. Nilipomwonyesha daktari sikio, aliangalia haraka tu. Alichotaka kuona ni kovu la kujifungua, kwa sababu mapacha walitolewa kwa upasuaji. "Sikio ni sikio," akasema. "Tumbo lako limeshawahi kukatwa. Hili hapa ndilo shahidi." Kovu lenyewe ni laini upande wa kulia. Upande wa kushoto limevimba kidogo na huwasha kukiwa na baridi. Kwa hivyo shahidi mwenyewe anasema nusu ndiyo, nusu hapana. Na kovu la kukaza tumbo ni refu kuliko la kujifungua.

Kuna hatari nyingine ambazo hazichagui mnene wala mwembamba: maji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kuoza au kufunguka, ganzi chini ya kitovu ambayo huenda isiishe yote. Kubwa kuliko hizo ni damu kuganda miguuni na donge kusafiri hadi kwenye mapafu. Hiyo huua. Wembamba hupunguza baadhi ya hatari hizi, lakini hauziondoi. Mwishoni mwa Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na KMPDC, baraza la madaktari, likaifunga kliniki. Tangu hapo nikiona ofa ya tumbo kwenye Instagram, ati lipa kabla ya Ijumaa upate punguzo, natafuta kwanza jina la daktari kwenye rejista ya baraza. Iko mtandaoni, wazi kwa kila mtu. Inakuonyesha kama mtu ana leseni na ni mtaalamu wa nini. Wengine wanaotangaza huduma hii hawajasomea upasuaji wa kurekebisha mwili.

Bei niliyopewa ni shilingi 550,000, na bima yangu hailipi senti. Lakini pesa ni sehemu tu ya gharama. Naishi ghorofa ya nne, hakuna lifti, na maji huja siku mbili kwa wiki. Baada ya upasuaji unatembea umeinama kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, na mirija ya kutoa maji ikining'inia. Unavaa mshipi wa kubana tumbo mchana na usiku. Kwa wiki sita au zaidi hubebi kitu kizito. Mapacha wangu wana kilo kumi na nne kila mmoja, na hakuna anayekubali mwenzake abebwe peke yake. Mama yangu alisema atakuja kukaa nami, kisha akanyamaza kidogo. "Lakini mwanangu, sisi tulifunga leso siku arobaini na maisha yakaendelea." Leso hushika tumbo, na kwa mzazi mchanga hupa mgongo raha. Kushona misuli haiwezi. Sikumjibu hivyo, maana hata yeye akisimama kando ya dirisha naliona tumbo langu kwake.

Swali lililobaki ndilo lililokuwa zito kuliko hayo yote. Daktari aliuliza kama anayeuliza jina la mtaa: "Na umemaliza kuzaa?" Mimba nyingine inaweza kuivuta tena misuli iliyoshonwa, na laki tano zikaenda na maji. Si marufuku kubeba mimba baada ya upasuaji huu, ila madaktari wengi hushauri umalize kwanza.

Nilipomwambia mume wangu, alisema, "Lakini si tulikubaliana tutajaribu kasichana?"

"Tulikubaliana" ni neno kubwa. Yeye alisema, mimi nilikuwa naosha vyombo.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa napima kovu, ngazi, damu na pesa, na kumbe chini ya mizani kulikuwa na jambo lingine. Upasuaji ungenipa sababu ya kidaktari. Ningesema, "Daktari amekataa," na hakuna mtu angebishana, si mume, si mama mkwe. Ningelipa shilingi 550,000 na kovu la nyonga hadi nyonga ili kusema neno moja ambalo mdomo ungeweza kulisema bure. Na kama mwili unakatwa, basi ukatwe kwa sababu yake wenyewe.

Kwa hivyo nikalisema. Jumapili, watoto wamelala. "Baba Pacha, mimi sizai tena. Na hiyo haina uhusiano na tumbo." Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alirudi na samaki na kuuliza hayo mazoezi ya tumbo huwa siku gani, ili abaki na watoto. Hatujamaliza mazungumzo. Lakini yameanzia mahali pake.

Mazoezi yenyewe nimeyafanya miezi sita na mtaalamu wa fiziotherapia: kuvuta pumzi hadi mbavu zifunguke, kukaza chini kabla ya kuinua chochote, kunyanyua mguu mmoja mmoja. Hayana mbwembwe. Vidole vinne sasa ni viwili na nusu. Mgongo hauumi kama zamani, hata siku ya kuleta mzigo. Tumbo bado hutokeza jioni, na wateja bado wanauliza kama ni nguo ya waja wazito.

Pesa nazidi kuziweka kwenye sako, pole pole. Mwezi wa Novemba nitarudi kwa daktari, na maswali yangu ni matatu. Je, ngozi yangu itafika chini bila kovu la wima, na kama haifiki, kuna njia ya kamera? Kovu litakaa wapi hasa, anichoree kwa kalamu nikiwa nimevaa chupi yangu mwenyewe? Na ndani ya chumba cha upasuaji, nani atakayekuwa anaangalia pumzi yangu, na nikizidiwa, ICU iko umbali gani? Akiyajibu yote matatu vizuri, nitaanza kutafuta mtu wa kunipandishia maji hadi ghorofa ya nne.