Kununua Dagaa Katonga

Katika mji wa Kigoma, mtu akitumwa dagaa huambiwa aende Katonga, kwenye mwalo ulio upande wa kusini wa mji. Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji; dagaa hufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Alfajiri vyombo hurudi, na wanawake huanika dagaa mchangani au juu ya vichanja. Kazi ya kununua ni nyepesi kuagizwa, lakini si nyepesi kuitimiza. Tumeona huko mambo ya kuchekesha, na mengine yaliyokaribia kuleta hasara. Yafaa tuwasimulie wasomaji wetu.

Jambo la kwanza ni mwezi. Mgeni hutazama kalenda, lakini mvuvi hutazama mbingu. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutapakaa ziwani kote, na taa za wavuvi hazivuti dagaa tena. Basi vyombo hupumzika siku kadhaa. Siku hizo tulimwona kijana aliyetumwa na shangazi yake dagaa za arusi. Alisimama na gunia tupu, akiuliza kwa nini watu hawaendi kazini. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akamjibu, "Mjukuu wangu, taa zetu zimeshindwa na taa ya Mungu. Ngoja hata izimike." Kijana akashukuru, akaketi kungoja. Jua likachwa, na mwezi ukatoka mzima, mweupe kama sinia. Ndipo alipofahamu kwamba kungoja huko si kwa saa bali kwa siku.

Jambo la pili ni maneno. Asubuhi moja mama mmoja alikuwa na magunia mawili ya dagaa wakavu. Aliwachukua wabichi kwa mkopo, na mwenye chombo alisimama kando yake akidai fedha zake siku ile ile. Akaja mfanya biashara kutoka Kongo, mtu mwenye adabu, akaamkia, akasema, "Mama, nataka kuuza dagaa."

"Hata mimi nauza, baba," akajibu mama. "Tafuta mahali pako."

"Hapana, mama. Wewe uuzishe, mimi niuze."

"Nimwuzishe nani? Mali ni yangu, na mdomo wa kuuzia ninao!"

Mgeni akainama, akashika gunia apate kutazama dagaa. Mama akalivuta kwake. Mwenye chombo, akiona mali ya kulipia deni lake yataka kuchukuliwa, akalishika naye. Watu wakakusanyika, na wengine wakaanza kutaja neno la wizi. Ndipo mwanamke muuza mihogo, aliyewahi kukaa Kalemie, akapaza sauti huku akicheka: "Mwacheni! Kwao kuuza ndiko kununua, na mwenye kutoa mali husema kuuzisha. Mtu huyu ana fedha mfukoni, nanyi mwamfukuza!" Mara mama na mwenye chombo wakaliachilia gunia kwa pamoja, na mgeni, aliyekuwa bado akivuta, akaanguka chali nalo. Wote wakamwinua kwa heshima kubwa. Magunia yote mawili yakanunuliwa, na deni likalipwa pale pale.

Hakuna kati yao aliyesema Kiswahili kibaya. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda Manyema, nayo ikachukua Kiswahili. Lugha ikawa kama binti aliyeolewa ng'ambo, akazaa watoto wa huko. Leo wajukuu wanapokuja kumwamkia bibi yao, sauti ni ya ukoo, lakini maneno mengine yamebadilika.

Hata saa zina mashaka yake. Saa za Kigoma hutangulia zile za Kalemie na Bujumbura kwa saa moja. Tena wengi wa Kongo huhesabu saa kwa desturi ya Kizungu. Basi mgeni akisema, "Tuonane kesho saa nane," mwenyeji huja baada ya chakula cha mchana, ametulia kabisa, akamkuta mwenzake amengoja tangu asubuhi na uso umekunjamana.

Neno geni halina hatari kubwa, kwa maana mtu akilisikia huuliza. Lenye hatari ni lile tunalodhani sote twalijua. Basi, enyi wazazi, mnapomtuma mtoto Katonga, mfundisheni kuuliza mambo matatu: mwezi u hali gani, ni nani anayetoa fedha, na jua litakuwa wapi tutakapokutana. Nanyi walimu, mtoto aliyetoka ng'ambo akisema ameuza daftari, na daftari lingali mkononi mwake, msiwaache wenzake wamcheke. Mwulizeni kwao neno hilo lina maana gani, na darasa zima litapata somo.