Betri Ndogo ya Mjomba

Mjomba alipoleta gari lake la umeme pale Tabata, dogo, lililotumika Japani, mtaa mzima ulipata cha kuongea. "Mzee, leo umelichaji?" Wanamuuliza kama vile ni simu. Yeye anacheka tu. Kicheko kilimkauka Jumatatu moja alfajiri, alipobonyeza rimoti na gari likakaa kimya kama kabati. Taa hakuna, mlango haufunguki. Ijumaa jioni alikuwa ameliacha na chaji asilimia 78.

Akanipigia mimi. Mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, angempigia nani mwingine? Nyumbani naitwa "injinia" tangu siku niliyopata udahili.

Tusidanganyane, hata darasani kwetu wapo wasiojua kwamba gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa chini ya sakafu, volti 300 na zaidi, ndiyo inayosukuma gari. Halafu kuna ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, mbele kwenye boneti. Hii ndogo ndiyo inayowasha kompyuta za gari, na kompyuta ndizo zinazoamuru swichi kubwa zifunge ili umeme wa betri kubwa utoke. Ndogo ikifa, kubwa inabaki imejaa na huna la kuifanya. Na haitoi taarifa. Kwenye gari la mafuta betri ikichoka utasikia stata inavuta kwa shida, unajua kabisa wiki hii nitakwama. La umeme halina stata. Linaamka, linaamka, siku moja haliamki.

Nilifungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma unaojificha ndani ya rimoti, tukabusti kwa pikapu ya jirani, gari likawaka. Asilimia 78 zipo palepale. Kabla ya kubusti nilikuwa nimepima ile ndogo: volti 10.9, wakati iliyojaa ikitulia husoma kama 12.6. Nikatoa hukumu mbele ya watu: "Mjomba, betri imezeeka. Nunua mpya." Akanunua, amp-saa 40, laki na nusu na ushee. Ile ya zamani akaiacha dukani, akapunguziwa bei kidogo.

Pasaka ikafika. Alhamisi saa moja jioni aliliegesha, familia ikaenda Morogoro kwa basi. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, kabati tena.

Safari hii hakunipigia mimi kwanza. Nilipofika nilimkuta na fundi waya wa pale mtaani, kakaa kwenye kindoo anakunywa chai. Nikamwamkia. Akaniuliza swali moja: "Dogo, kabla hamjanunua betri, ulipima inavyovuja?"

Sikuwa nimepima. Na somo lenyewe nilipata B+.

Tukaichaji betri kidogo, tukaifunga, tukaanza upya. Unatoa waya wa hasi, unaweka multimita katikati ya waya na betri ili umeme wote upite ndani ya mita. Milango imefungwa, rimoti iko mbali, nyaya za rangi ya chungwa huzigusi kabisa maana hizo ni za betri kubwa. Halafu unasubiri. Hapa ndipo wengi tunaharibu: kompyuta za gari hazilali papo hapo, ukisoma mapema utaona amp kadhaa na kuanza kupiga kelele. Tulisubiri dakika 40. Gari lililolala vizuri hula kama amp 0.05 au chini ya hapo. Letu lilikuwa linakula 0.4.

Piga hesabu. Alhamisi jioni mpaka Jumanne asubuhi ni saa 107. Mara 0.4 unapata karibu amp-saa 43, na betri ni ya 40. Siku za kazi gari likiwashwa, betri kubwa inaijaza ndogo, kwa hiyo huoni kitu. Ndiyo maana mara ya kwanza lilikufa Jumatatu. Hiyo Jumatatu niliiona, nikaipita.

Tukatoa fyuzi moja moja. Mita haikusogea. Fundi akasema, bila hata kuniangalia, "Fyuzi zote nje na bado kinakula? Basi hakipiti humu."

Macho yangu yakaenda kwenye waya mwembamba mwekundu uliotoka kwenye chanya ya betri na kupotelea nyuma ya dashibodi. Umefungwa tepu nyeusi. Tepu yangu. Likizo ya mwezi wa pili Mjomba aliomba kamera inayorekodi hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu kuna mtu alimkwaruza. Niliifunga mimi, moja kwa moja kwenye betri, nikaiwekea na fyuzi yake, nikajiona mtu.

Niliuchomoa. Mita ikashuka mpaka 0.02.

"Nani kafunga hii?" fundi akauliza.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikasema ni mimi. Fundi akanyamaza, akaendelea na chai yake. Siku ileile nikahamishia kamera kwenye fyuzi inayopata umeme gari likiwa limewashwa tu, na mpaka naandika hapa halijalala tena.

Jioni Mjomba alinisindikiza kituoni. Alikaa kimya mpaka daladala inakaribia.

"Injinia, ile betri ya zamani. Ilikuwa mbovu kweli?"

Nikamwambia sijui. Sikuwahi kuichaji nikaipima.